Mashahidi Watatu wa Mpaka Wangu

Vita vya Burma vilipokwisha, shemeji yangu alifyeka masale, mimea ya mpaka iliyogawa mashamba yetu, akapanda kahawa yake hadi upande wangu mimi mjane. Shauri lingesikilizwa kesho yake mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa bomani aliyeamua kesi. Mashahidi wangu walikuwa wazoefu wa benchi la Levolosi, mtaa nilikouza kahawa ya kikombe: Kamusi, mfagiaji wa bomani, Jenerali, aliyerudi vitani akiwa koplo, na Gramafoni, mpishi wa mlowezi, ambaye hanyamazi. Wote wamepita shambani kwangu tangu utotoni. Waliamua kutoa ushahidi kwa Kiingereza, ili mkalimani asiwapunje. Basi nikawamiminia bure, mtoto akilia mgongoni.

— Mimi naanza na “ai rimemba,” alisema Kamusi. Rimemba ni jambo lililokaa kichwani tayari, kama kofia.

— Kofia hupeperuka! alidakia Jenerali. Sema “ai rikoli.” Unaliita jambo, linakuja mbio, linapiga saluti.

— Na lisipokuja?

— Linachapwa viboko.

Gramafoni akacheka.

— Washamba nyie! Bwana wangu akikumbuka kwa shida, husema “rikolekti.” Anaokota kidogo kidogo, kama kuni za masika. Akishika wiski, ni “riminisi.” Hapo hukumbuka hata simba ambao hakuwaua.

— Basi hiyo ndiyo ya kesho barazani!

— Wiski utaleta wewe, koplo?

— Na “rimaindi” je? aliuliza Kamusi.

— Hiyo ya mkeo, alijibu Gramafoni. Wewe umesahau, yeye hajasahau.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kamusi. Mama Elifuraha, jaza upesi.

Nikajaza.

— Mnajua kwa nini Mzungu ana maneno yote hayo ya kukumbuka? alisema Jenerali. Anasahau mno. Amesahau hata njia ya kwao, ndiyo maana bado yuko hapa.

Wakacheka hadi benchi likayumba. Nosim, muuza maziwa kutoka Kisongo, alikuwa ametua kibuyu chake, anasikiliza.

— Shikamooni, wazee. Hayo masale yalikuwa upande gani wa mfereji unaopita pale shambani?

Kamusi alimtazama Jenerali. Jenerali alimtazama Gramafoni. Gramafoni alinyamaza.

Nilimpa Nosim kahawa iliyobaki, nikalipindua birika, nikachukua jembe. Masale yakifyekwa, mizizi hubaki. Nilitaka kuifukua ionekane, Bwana Shauri aone mpaka, kabla shemeji hajaikumbuka.