Birika la Recheli

Kijiwe chetu cha Kwihara kina benchi moja tu la mninga, na jana kila mtu alikwepa kukaa karibu na Zablon. Si kwa ubaya. Mwenzetu akifiwa na mke, sisi wanaume tunakuwa wajinga sana. Juzi kina mama walipogawa vyombo vya marehemu Recheli, walikuta nyuma ya kabati picha ya rangi za maji, jina lake chini kwa mwandiko wake. Kachora birika lake la kauri, lile la maua ya buluu alilopewa harusini. Kwenye picha mdomo ni mzima. Birika lenyewe, Zablon alilivunja mdomo siku ya hasira zake, na mtaa wote unajua. Sasa kaja na picha mapajani, anataka kujua jambo moja.

— Alinisamehe, au hakunisamehe?

Mfaume, tunayemwita Redio, hajawahi kukosa jibu.

— Kakusamehe, mzee! Mwenye kinyongo angechora ule mvunjiko. Yeye kaliponya. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Kinaingia tu.

Eliya akatikisa kichwa. Huyu ndiye Wakili, ingawa mahakamani kafika mara moja, tena kwa kesi ya mbuzi.

— Acha hizo, Redio. Hayo ni mashtaka. Anamwambia, tazama ulichoniharibia! Na rangi za maji kachagua makusudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Toba! Basi na mimi nakwambia hilo si birika la hapa. Ni la peponi. Recheli yuko huko anawamiminia malaika chai.

— Malaika wanakunywa chai?

— Kwani wewe umefika ukawakuta na uji?

Zablon hakucheka. Kahawa ilikuwa imempoa mkononi. Niliwakasirikia wale wawili.

Kabula, mama aliyehamia karibuni kutoka Nzega, alikuwa amesimama akinunua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, baba. Alilichora kabla halijavunjika, au baada?

Redio akafungua kinywa, akakifunga. Wakili akatazama kandambili zake. Sote tukamgeukia Zablon, maana ndiye aliyeishi naye nyumba moja miaka yote ile.

— Sijui, mama, akasema. Mimi hata sikujua kama Recheli anachora.