Jani la Mwiko Kilimani

Mheshimiwa Chifu Kaltapau uliye mdogo wangu, Mchungaji, wageni wetu mliotujengea ukumbi huu, akina mama wa jikoni, ambao laplapu yenu, viazi vya kuponda mlivyooka kwenye majani, naisikia harufu hadi hapa, na nyie watoto, hebu shukeni madirishani: hamjambo nyote?

Mimi Leinasei nimepewa dakika tano nitoe shukrani. Ukumbi ni mzuri, jamani, sidanganyi. Lakini naogopa.

Mnamkumbuka marehemu mjomba Kalmasing? Alipowakodishia wageni ardhi yake ya ufukweni kwa miaka sabini na tano, alifikiri kama tulivyozoea sisi: mtu unampa ardhi akae, lakini mti ulioupanda unabaki wako. Nani hapa angefikiria vingine? Wiki iliyofuata akaenda na kikapu chake, anapiga mluzi. Mlinzi akamzuia kwenye uzio.

"Mzee, una kibali?"

"Kibali cha nini? Mshelisheli ule nimeupanda kabla mama yako hajazaliwa!"

"Najua, mjomba. Ila nikikuruhusu, kazi sina."

Tulicheka siku ile, eti mzee kafukuzwa kwenye mashelisheli yake. Yeye hakucheka. Nyuma ya uzio kulikuwa na banda lenye mbegu zake zote za viazi vikuu, mbegu za bibi yake. Alipopata kibali, tingatinga lilishapita. Na mbegu ya kiazi kikuu haikungojei: usipoipanda msimu huu, inaoza, basi tena. Leo tunakula wali wa mchele wa dukani, na mbegu ile imebaki kwangu tu, kutokana na vipande vitatu alivyonipa nilipoolewa. Iko shambani kwangu, kilimani.

Chifu, kesho unatia saini kuwakodishia wageni hawa kilima hicho. Mimi na wajukuu tupande wapi? Juu ya saruji hii? Wewe ni chifu mwenye huruma, hujawahi kumkatalia mtu kitu. Ndiyo maana silali: hujui kusema hapana.

Basi mwenzenu nimekosa. Leo alfajiri nimefunga jani la mwiko kwenye lango la shamba, lile ambalo likishafungwa, mtu wa nje hapiti. Najua, ni chifu tu anayelifunga, mwanamke haligusi. Nguruwe wa faini yangu huyo hapo nje, msikieni anavyolalamika. Mchukueni. Lakini jani limeshafungwa, na hakuna mpimaji wala mgeni wa kulifungua. Ni mkono wako, mdogo wangu, peke yake.

Wageni, ahsanteni kwa ukumbi. Nanyi ndugu zangu, ahsanteni kwa kunivumilia hadi hapa. Chifu, kesho kabla ya saini, panda kilimani ukalifungue mwenyewe, ukiweza, huku nikikutazama. Utanikuta ndani ya shamba, napanda mbegu.