Wino, Mchora Katuni wa Upande wa Kulia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye redio ndogo aiweke karibu na sikio. Anayepiga pasi apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyetuchekesha kwa miaka thelathini na mmoja, mchora katuni wa ukurasa wa sita. Jina lake la utani mnalijua wote. Wino!

Wino ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini. Turudie kwa waliofungua redio sasa hivi: Wino, mchora katuni wa ukurasa wa sita, ametutoka akiwa na miaka sitini. Lakini mkewe ametuomba jambo moja. "Msimsimulie kwa sauti ya matanga," alituambia. "Mume wangu alikuwa mtu wa kushangilia. Akipata karatasi nzuri tu, mtaa mzima tunajua." Haya, mama, tumekusikia. Tutashangilia.

Wino alikuwa mtoto wa dobi. Mama yake alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Sasa hebu fikirieni: dobi mwenye mtoto anayerudi kutoka shule kila siku na shati lenye madoa ya wino! "Mimi nafua za hospitali nzima," mama alikuwa akimwambia, "lakini wewe peke yako unanitoa jasho kuliko wodi tatu." Jina la Wino lilizaliwa hapo, kwenye beseni la mama yake.

Akakua, akaingia gazetini. Akachora matumbo ya wakubwa, mpaka wakubwa wenyewe wakawa wanafungua ukurasa wa sita kwanza, waone kama wamenenepa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Dakika ishirini, kichekesho kimekwisha, kalamu imerudi nyuma ya sikio.

Kisha akatimiza miaka hamsini. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mambo yalipoanza.

Siku moja alikuwa akipekua vitabu vilivyotumika, kwenye meza ya muuzaji wa kando ya barabara. Akakuta kitabu cha katuni cha Kijapani, zile wanazoziita manga. Akakifungua upande wa kushoto, kama sisi sote. Ajabu! Mtu yuko mtoni, amelowa chapachapa. Picha inayofuata, anaruka kutoka majini. Inayofuata, amesimama darajani, mkavu kabisa, anapiga mluzi.

Muuzaji akacheka. "Mzee wangu, unamfufua huyo. Wenzetu wanaanzia upande wa kulia."

Wino akakigeuza kitabu. Akaanzia upande wa kulia, akaenda kushoto. Mtu akapiga mluzi, akateleza, akaanguka mtoni. Ikakaa sawa! Wino akavuta ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akaikalia, akasoma kitabu chote palepale.

Kwa nini kilimshika hivyo? Sikilizeni vizuri, maana habari yote iko hapa. Ile nyumba ya kufulia aliyofanyia kazi mama yake ilikuwa na milango miwili. Mlango wa nguo chafu ulikuwa upande wa kulia. Mlango wa nguo safi ulikuwa upande wa kushoto. Shuka liliingia chafu kulia, likapita kwenye maji, likapita kwenye kamba, likapita kwenye pasi, likatoka safi kushoto. Miaka ishirini na sita, mama yake alitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Na hapa kuna watu, ng'ambo ya dunia, wanaosimulia hadithi kwa mwendo uleule wa mama!

Alifika nyumbani anahema. "Nimewachora wakubwa maisha yangu yote," akamwambia mkewe. "Mama yangu sijamchora hata mara moja. Sasa nimeona njia."

Hakukurupuka. Alikwenda kwanza kujifunza. Alijiandikisha darasa la jioni la Kijapani, miaka hamsini na mmoja, katikati ya wanafunzi wa rika la binti zake. Mwalimu wao alikuwa mama wa Kijapani, mpole, mkali kwenye mwandiko. Alimwita "Wino-san", yaani Bwana Wino, na Wino akatembea wiki nzima amebinua kifua. Alijifunza kusaga kijiti cha wino juu ya jiwe, kwa matone ya maji, polepole. Alijifunza kuchora kwa brashi. Na kabla ya kuichovya alifumba macho na kusema, "Ee Mungu, mkono huu ni wako. Usiuache useme uongo." Mkewe alimsikia kila mara. Hakuwahi kuianza kazi bila maneno hayo.

Siku nyingine alirudi nyumbani mbio kutoka darasani. "Mke wangu! Wajapani wana neno la kuandika ukimya! Chumba kikiwa kimya, wanaandika 'shiin' ukutani mwa picha!"

Mkewe akamjibu, "Basi niandikie hiyo shiin, uibandike mlangoni, nami nipumzike."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Ndipo mhariri wa gazeti alipompa ukurasa mzima wa Jumapili. Wino akauita "Dobi". Akamchora mama yake kwa brashi, picha sita, kutoka kulia kwenda kushoto. Mgonjwa analichafua shuka. Dobi analipokea mlango wa kulia. Analifua. Analianika. Analipiga pasi. Mgonjwa analala juu ya shuka safi, anatabasamu.

Jumapili asubuhi gazeti likatoka. Na wasomaji wakafanya nini? Wakaanzia kushoto!

Jamani! Wakamwona mgonjwa mzima, anatabasamu kitandani. Wakamwona dobi anachukua shuka safi, analikunjakunja, analitumbukiza kwenye beseni, analitoa chafu, anampelekea mgonjwa. Na mgonjwa anazidiwa! Simu zikalia gazetini mpaka saa sita. "Dobi gani huyu mchawi?" Madobi wa hospitali ileile wakatuma barua, wameitia sahihi wote kumi na wanne.

Wino aliketi mezani ameshika kichwa. Mama yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, hakuna aliyewahi kuandika habari zake hata mstari mmoja. Na siku ya kwanza anatokea gazetini, mtoto wake mwenyewe amemfanya mchafu.

Jumapili ya pili, mpangaji wa kurasa akaona amsaidie rafiki yake kimyakimya. Akaigeuza picha nzima kwenye kompyuta, kama mtu ajionavyo kwenye kioo, akapanga maneno upya. Sasa hadithi ilisomeka kutoka kushoto, vizuri tu. Lakini kovu la pasi, ambalo mama alikuwa nalo mkono wa kulia, likahamia mkono wa kushoto. Na nguo chafu zikaingia kwa mlango wa nguo safi. Madobi wakatuma barua ya pili.

"Nilidhani nakuokoa," mpangaji akasema.

"Umenisaidia sana," Wino akajibu. "Ila huyo uliyemchapa si mama yangu."

Mhariri akawaita wote wawili. "Wino, ndugu yangu, nakupa Jumapili moja. Moja tu. Wasomaji wakipotea tena, Dobi anafungwa, tunarudi kwenye matumbo."

Jumatatu, Wino akaenda hospitali, picha kwapani. Alikwenda kwenye nyumba ileile ya kufulia. Msimamizi wa madobi, mama mwenye mikono ya kubeba pipa, akasimama mlangoni.

"Ndiye wewe uliyetutukana mara mbili?"

"Ndiye mimi, mama. Lakini huyo dobi ni mama yangu mzazi. Alifanya kazi humu."

Yule mama akamtazama. "Mwenye alama ya pasi mkono wa kulia?"

"Huyohuyo."

"Ee! Si ndiye aliyenifundisha kukunja! Ingia, mwanangu. Ila vua hivyo viatu, pamepigwa deki."

Wakaitandaza picha juu ya meza ya kukunjia. Madobi wakaizunguka. Msimamizi akaweka kidole upande wa kulia, akakipeleka hadi kushoto, polepole. Akaangua kicheko. "Picha yako haina kosa. Kosa lako hukutuwekea mlango. Mtu ataingiaje mahali pasipo mlango? Humu hata mgeni hapotei, kwa sababu milango imeandikwa."

Wino alimkumbatia yule mama mbele ya watu wote. Akarudi mbio.

Jumapili ya tatu, ukurasa ulikuwa na mlango mkubwa ukingoni kulia, umeandikwa CHAFU HUINGIA HAPA. Ukingoni kushoto kulikuwa na mlango mwingine, SAFI HUTOKA HAPA. Katikati, mama anatembea, kovu mkono wa kulia, shuka begani. Simu zikalia tena. Wino akaogopa kupokea. Akapokea mpangaji wa kurasa, akasikiliza, kisha akapiga kelele ofisi nzima ikasikia: "Wanauliza wiki ijayo anafua wodi gani!"

Dobi alichapwa miaka minne, wasikilizaji wapendwa. Miaka minne, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu wake wa Kijapani alizibandika zile kurasa darasani, na wanafunzi wapya walizitumia kujifunza pa kuanzia.

Mwaka jana Wino alianza kuugua. Alikusanya kurasa zote ziwe kitabu. Akachora ukurasa mmoja zaidi, wa mwisho, asimwonyeshe mtu. Jumanne akatutoka. Alhamisi mwenye kiwanda cha uchapaji akampigia simu mjane. "Shemeji, pole sana. Nauliza tu. Tukigeuze kitabu kifunguke kama vingine? Kitauzika upesi zaidi."

Mjane hakufikiri mara mbili. "Shemeji, mume wangu ameupigania mlango huo. Kifunguke upande wa kulia."

Jana kitabu kimetoka. Mjane alikifungua palepale kiwandani, akiwa wima, mashine zikinguruma, akaenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa wa mwisho. Ni siku ya mama kustaafu. Anakunja shuka lake la mwisho, anaweka kiganja juu yake, anasema: "Bwana, atakayelalia hili mimi simjui. Wewe unamjua."

"Nilicheka na kulia kwa pamoja," mjane ametuambia. "Miaka thelathini ya ndoa, sikujua kama mama mkwe aliyaombea mashuka."

Tunampa pole mjane, mabinti zake wawili, wenzake wa gazetini, mwalimu na darasa la jioni, na madobi wote kumi na wanne. Mungu awafariji. Na wewe unayetusikiliza, ukisema moyoni kwamba umri umekupita, mkumbuke Wino na darasa lake la jioni. Kisha jiulize: ni nani aliyekufanyia kazi maisha yake yote, na hujamtaja hata mara moja? Kama yupo hai, zima redio. Nenda kamwambie.