Filda, Mtaro na Wivu Wetu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni moto chini ya sufuria, mkae kidogo. Leo tunamkumbuka Mhandisi Amito Filda wa Bukoto, hapa hapa Kampala. Alifariki Alhamisi iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Moyo ulisimama tu, ghafla, akiwa anafunga viatu aende kazini.

Wengi wanamlilia. Mimi pia namlilia. Lakini nawaambia mapema, msije mkasikia kwa majirani: mimi, Valarie Adero, nilimwonea wivu Filda maisha yangu yote, na sijaacha hata sasa.

Tulikulia kwenye fleti zile zile. Ni bloku mbili zinazotazamana, na katikati unapita mtaro wa maji ya mvua. Sisi Bloku A, wao Bloku B. Baba yangu, Mzee Obura, alitoka Kisumu kuja kuuza viatu sokoni Nakawa. Baba yake, Afande Kidega, ni polisi mstaafu, mtu wa Gulu. Wazazi wetu walisalimiana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho hicho walitulinganisha. Siku ya kwanza ya shule nilivaa viatu vipya. Filda alivaa vya zamani, baba yake amevipiga kiwi kipolisi, vikang'aa kuliko vyangu. Na binti wa muuza viatu nilikuwa mimi! Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: kumshinda Filda, hata mara moja.

Tukasoma uhandisi pamoja. Tukaomba pamoja nafasi ya shahada ya uzamili katika uhandisi endelevu na sera za umma. Yaani mhandisi afunzwe kujenga bila kuharibu dunia, halafu afunzwe pia kutunga sheria ambazo watu watazifuata. Filda alichukuliwa. Mimi nikaja kukaa mbele ya kipaza sauti hiki. Mama akanipa pole yake: "Filda ako na masta. Wewe uko na maikrofoni."

Sasa sikilizeni, wapendwa. Kila mvua ikinyesha, mtaro wetu ulifurika na maji yakaingia vyumba vya chini. Sababu ilikuwa kasasiro, takataka zetu wenyewe, maganda ya matoke na chupa. Filda akaufanya mtaro huo kuwa utafiti wake. Akachora mtaro mpya, mpana, hesabu zimekaa sawa. Akaupeleka mbele ya walimu wake. Mwalimu wa sera akamwuliza swali moja: "Na huu mpya, nani atawazuia watu wasitupe taka humo?"

Filda akakunja michoro yake. Alirudi, akaja kukaa jikoni kwetu, amenuna. Nilifurahi? Nilifurahi, ndiyo. Nikamwongezea sukari kwenye chai kwa furaha.

Mama alikuwa dirishani, anachungulia ng'ambo. "Waone hao wa Bloku B," akasema. "Wametundika mapazia mapya. Kesho naenda kununua, na yangu itakuwa ndefu kushinda yao."

Filda akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka.

"Banange, Mama Valarie," akasema, "hii wivu yenu huwa inaisha?"

"Inaisha namna gani na watu bado wananunua vitu?"

"Sasa mimi natafuta nishati isiyoisha mbali ya nini, na iko hapa jikoni?"

Mwezi ule ule akaita mkutano uani. Wapangaji walipiga kelele, mwisho wakanyoosha mikono, na sheria ya Filda ikapita. Kila bloku iliwekewa wavu wake wa chuma mtaroni. Kila Jumapili, Guerschom, mlinzi wetu Mkongo, anatoa taka zilizonaswa na kuzipima kwa mizani. Bloku yenye taka nzito imeshindwa. Na bloku iliyoshindwa inawekewa pipa la mboji chini ya ngazi zake wiki nzima. Pipa la mboji, wapendwa, ndimo maganda ya fleti zote yanamooza yawe mbolea. Mnajua harufu yake jua la saa saba likiwaka.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Watu wazima walichungana kama wakwe. Mama, aliyekuwa akitupa maganda dirishani, aligeuka kuwa askari wa ngazi. Mvua kubwa zilipokuja, mtaro ulipitisha maji yote. Hakuna chumba kilicholowa. Filda akapata shahada yake, na watu wa mitaa mingine wakaja kuiga.

Lakini Bloku B haikuwahi kushindwa. Hata Jumapili moja. Filda alipita mlango kwa mlango akichambua taka za majirani. Mama yake, Mama Atoo, ananiambia: "Mutoto yangu alikuwa anachambua kasasiro mpaka kwa arusi ya watu. Mimi nilikuwa naona haya." Usione vyaelea, vimeundwa. Pipa lile limekaa kwetu muda mrefu kuliko wapangaji wengine. Filda alikuwa akinipungia mkono kutoka ng'ambo: "Valarie, pipa inakusalimia!" Nilitabasamu, nikaingia ndani na kufunga madirisha yote.

Kisha ikaja Alhamisi. Matanga yakawekwa uani kwao, na watu wakafurika. Alikuwa na watu, huyu! Nilisimama katikati ya waombolezaji nikajiuliza kama wangu watajaza hata turubai moja. Wageni walikula, wakanywa maji ya chupa, wakaacha sahani za plastiki popote. Mvua ya alfajiri ya Jumapili ikazisukuma zote kwenye wavu wa Bloku B.

Guerschom hakutaka kupima. Afande Kidega akamwambia apime. Akapima. Bloku B ilikuwa imeshindwa.

Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulisema: tumeshinda.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alimwendea Afande, akamshika mkono. "Shemeji, wiki hii tuache. Pipa ikae kwetu. Sisi tumeizoea."

Afande Kidega akatikisa kichwa. "Asante, Mama Valarie. Lakini sheria ni sheria. Hii mutoto yangu ndio aliandika."

Akavua koti la suti. Akaja hadi kwenye ngazi zetu, mzee yule wa magoti mabovu, akaliinamisha pipa na kuanza kulisukuma. Bonny, kaka yake Filda, akataka kumpokea. Akakataa. Alivuka uwanja mzima mbele ya waombolezaji, maji ya mboji yakimrukia kwenye viatu alivyovipiga kiwi asubuhi ile. Akaliweka chini ya ngazi zake. Akalisimamisha wima. Akalipigia saluti.

Wapendwa, nilikuwa nimemshinda Filda. Mara moja, kama nilivyotaka. Nikatazama ng'ambo, hakuna aliyenipungia mkono. Nikamtazama yule mzee karibu na pipa linalonuka, na wivu ukanishika upya, kuliko siku ya viatu, kuliko siku ya shahada.

Jumanne tulimzika Gulu. Afande Kidega, Mama Atoo, Bonny, poleni sana. Bloku B, poleni. Mungu amlaze Filda mahali pema, na kama huko kuna mitaro, wajiandae.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjarudi kwenye sufuria, jiulizeni ninalojiuliza mimi tangu Jumapili. Siku ukiondoka, umeacha nini ambacho mtu atakisukuma kwa mikono yake mwenyewe, kinanuka, na asikubali kupokewa?