Kaka Yetu na Msanifu wa Daraja la Chuma

Tarehe 3 Mei 1949, siku ya mvua kubwa, kaka yetu alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mkunga alifika kwa treni, akivuka lile daraja la chuma cha kufuliwa. Marehemu hakupenda kukumbushwa jambo hilo. "Kwa hiyo hata kuzaliwa nimshukuru yeye?" alikuwa akiuliza.

"Yeye" ni mhandisi aliyelisanifu daraja hilo, aliyekufa kabla hata baba yetu hajazaliwa. Jina lake limo kwenye kibao cha chuma, pale daraja linapoanzia. Kaka alisoma shule ya hapa mjini, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1973 reli ilimwajiri kusanifu madaraja. Kila alichochora kililinganishwa na kazi ya yule bwana, na roho ilimuuma.

Mwaka 1977 alimwoa shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Picha ya harusi ilipigwa darajani, kwa matakwa ya wakwe. Kaka amenuna waziwazi.

"Mume wangu, mwenzio ni marehemu. Mnagombea nini?" shemeji alimtania.

"Sifa," alijibu.

Mwaka 1988 alitakiwa kupima kama daraja libomolewe. Mchoro wa daraja jipya, wake mwenyewe, ulikuwa tayari mezani. Hesabu zake zilionyesha kwamba la zamani lingelemewa. Lakini kichwa cha treni kizito kiliposimamishwa katikati, daraja liliinama kidogo tu, na kilipoondoka likarudi mahali pake. Kaka alikuwa amekokotoa kila chuma kana kwamba kinabeba mzigo peke yake. Kumbe vyuma vimepishana kama wavu, kimoja kikilemewa jirani zake hukipokea mzigo.

"Mjanja huyu," alisema, uso umemkunjamana. Jioni alitia saini: daraja libaki. Mchoro wake akauviringisha, akauweka juu ya kabati.

Alistaafu mwaka 2009. Moyo ulianza kumsumbua miaka kumi baadaye, na tarehe 6 Juni mwaka huu alifariki hospitalini, shemeji amemshika mkono. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu wanne. Apumzike mahali pasipo na mshindani.

Tumkumbuke kwa asubuhi iliyofuata ile saini. Alikwenda darajani na brashi, akakisugua kibao mpaka jina la mwenzake likasomeka. Akarudi nyuma hatua chache, akalitazama daraja zima, hadi ngazi ya chuma wanayopandia wakaguzi.

"Ila ngazi ya wakaguzi, bwana," akasema, "hapo ulikosea."