Mawe Mawili ya Ukuta wa Usumbura

Benchi la avenyu ya kumi na saba, Buyenzi, lilikuwa ubao mrefu wa bodi ya lori uliolazwa juu ya mawe mawili makubwa, yaliyochongwa pande zote na kukaliwa mpaka yakawa laini kama sabuni ya mche. Ubao uliletwa na Seifu, fundi wa magari. Mawe, kwa kauli ya kila aliyewahi kuyakalia, yalitoka kwenye ukuta mkubwa uliouzunguka mji zamani, ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, na ukuta huo hakuna mtu aliye hai aliyeuona. Kahawa ilikuwa ya Sumaya, mama Lubna, aliyeichemsha mlangoni kwake, nyumba ya mwisho kabla barabara haijateremka kwenye mto Ntahangwa. Kilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na tano, vita vikiwa mjini. Bunduki zililia upande wa kaskazini mchana kweupe. Watu waliinua macho, wakasikiliza zimeelekea wapi, kisha wakarudi kwenye vikombe vyao. Mwezi wa tatu hata Buyenzi ilikimbia. Wengi walivuka mpaka Uvira, na waliorudi walirudi na wazo moja: barabara izibwe. Alasiri hiyo milango ya magari mabovu ilikuwa imeegemezwa kando, matofali yamepangwa, mfuko wa sima umefunguliwa. Yalikuwa yanasubiriwa mawe mawili ya benchi, yawe msingi.

— Tunamaliza kahawa, tunaanza, alisema Seifu.

Vijana wa garaji walimwita Buloni, yaani boliti, kwa sababu neno akishalikaza halifunguki. Kwa Sumaya alikuwa shemeji, mdogo wa mumewe; mume mwenyewe alikuwa Kigoma na gari la samaki.

Sumaya aliinua kifuniko cha birika. Lilikuwa nusu.

Asubuhi muuza mkate alimletea habari. Caritas, aliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, ametoka Cibitoke, mtaa wa kaskazini ng'ambo ya mto, na mtoto mgongoni, anakuja kwa miguu, na anakuja kwake. Hana kwingine. Angepita darajani, angepanda mteremko ule, na angekuta nini? Jua likizama kuvrefe inaanza, na saa hizo hapaswi mtu kuwa nje. Tena Seifu alikuwa amekwisha kusema: ukuta ukisimama, haingii mtu ambaye avenyu haimjui. Sumaya alitaka kusema tangu adhuhuri. Kila alipofungua mdomo mbele ya wazee, maneno yalirudi tumboni. Lakini kumimina aliweza. Na jambo moja alilijua kuhusu wanaume wale: wakiwa na kahawa mkononi na ukuta wa zamani mdomoni, hawainuki.

Akamimina.

— Pole pole, Buloni, alisema mzee Massoudi. Unaanzia wapi?

Massoudi aliendesha lori la Bukavu ujana wake wote. Walimwita Kilomita, maana hakuna safari iliyowahi kupungua urefu kinywani mwake.

— Naanzia hapa, mzee. Mahali tumekaa.

— Apana. Ukuta ya wazee ilikuwa na mustari yake. Haya majiwe yakirudi, yarudi pale yalitoka. Ukiyaweka pengine, unajenga choo.

— Sasa ile mustari ilipita wapi?

— Uliza mimi, alisema Nasor.

Nasor alikuwa na duka la vitambaa tangu enzi za baba yake, na hata salamu aliipima. Jina lake la utani lilikuwa Mita Moja.

— Babu yangu alileta chokaa yake kutoka Ujiji. Ilianza kwenye boma ya Wajerumani, ikateremka mpaka ziwani. Mita tatu kwenda juu, nusu mita unene. Basi.

— Nusu mita! Massoudi aliweka kikombe chini apate kucheka vizuri. Nusu mita ni godoro, Mita Moja. Ukuta ile, lori mbili zinapishana juu yake, na hakuna anayepiga honi.

— Wakati wa Wajerumani lori ilikuwa wapi?

— Mi nasema zingepishana.

— Wewe ulipishana na nani? Seifu aliuliza, na Nasor akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu.

Sumaya alimjazia tena bila kuombwa. Akatazama mteremko. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi.

— Mi nataka neno moja tu, alisema Seifu. Ile mustari inapita mbele ya nyumba ya Mama Lubna ao nyuma yake?

Mkono wa Sumaya ulisimama juu ya birika.

Massoudi alijikongoja mpaka katikati ya barabara. Alifumba jicho moja, kama anayepima taa za lori, akanyoosha fimbo kutoka msikiti mpaka mtoni.

— Inapita hapa. Katikati ya nyumba yake na ya jirani.

— Basi Mama Lubna anabaki nje, alisema Nasor.

— Nje kidogo.

— Kwa ukuta hakuna nje kidogo, Kilomita. Mutu iko ndani ao iko nje.

Massoudi alirudi kuketi, akainua kikombe, akakitazama.

— Na kahawa?

— Kahawa iko kwa Mama Lubna, alisema Nasor. Kahawa nayo iko nje.

— Subhanallah.

— Tutapanda ukuta kila asubuhi na kanzu hizi? Nasor aliuliza.

Massoudi alifikiri sana. Kisha uso ukamnawiri.

— Hapa ilikata kona! Sasa nakumbuka. Baba alisema kabisa: ukuta ilifika karibu ya mto, ikakata kona. Nyumba yote ya Mama Lubna iko ndani.

— Kwa nini ikate kona? Seifu aliuliza.

Massoudi alikuna kidevu. Seifu akaweka mikono magotini ili ainuke. Sumaya aliona jua limefika kwenye bati za msikiti. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na birika:

— Labda kwa sababu ya viboko, mzee.

Wote watatu wakamgeukia.

— Viboko! Massoudi alipiga goti. Umesikia mama huyu? Kiboko anatoka ziwani, anafuata mto, anakula majani ya watu. Hata leo anatembea mjini. Ile ukuta ilijengwa kwa sababu yake. Bazungu walikuwa wanaogopa kiboko kuliko mutu!

— Kiboko hawezi kuzuiliwa na nusu mita, alisema Seifu, na Sumaya akajua amerudi kuketi. Mi kama fundi nakwambia. Lazima ukuta iliingia ndani ya maji. Iliingia ziwani, ikatembea chini, ikatokea Uvira.

— Chini ya ziwa?

— Chini kabisa. Hujasikia wavuvi, nyavu zinakwama mahali hakuna jiwe? Zimekwama kwenye nini?

— Wallahi, hata mi niliwahi kuhisi, alisema Massoudi. Nikiendesha barabara ya Uvira, mahali pamoja gari inaruka. Kila siku mahali pamoja.

— Hilo ni shimo, alisema Nasor.

— Ni ukuta, Mita Moja! Tulikuwa na ukuta inavuka maji, na we unatuuzia godoro!

Sumaya aliingia ndani, akaongeza maji kwenye birika na tangawizi nyingi ya kuyaficha. Lubna alikuwa amelala mkekani. Alimfunika miguu, akatoka. Mteremko ulikuwa mtupu bado. Bunduki ililia mara moja, mbali, upande wa Cibitoke, na safari hii hakuna aliyeinua macho ila yeye.

— Kama ilikuwa kubwa hivyo, Seifu alisema, ilienda wapi? Ukuta nzima haiwezi kupotea kama paka.

— Wabeljiji waliuza, alisema Nasor. Kwa mita.

— Apana!

Massoudi alisema hivyo kwa ukali, na mzaha ukamtoka usoni.

— Usiseme waliuza. Ukuta ile hakuna aliyeiuza. Wabeljiji walipotoa wazee wetu kule chini karibu ya ziwa, wakawaambia nendeni mujenge Buyenzi, kila nyumba ilichukua jiwe moja kwenye kichwa. Marehemu mama yangu alibeba lake na mimba yangu tumboni. Waliogopa kufika mahali papya mikono mitupu. Zunguka hii kartie. Jiwe la kutawadhia pale msikitini limetoka wapi? Jiwe la Bi Ghanima la kusagia? Vizingiti vya hizi nyumba zote? Hayo majiwe njo ukuta ile. Haikuanguka. Ilihama na watu.

Alitazama huku na huku kama mwenye mali.

— Mji mwingine ukitaka kuona ukuta yake, unalipa tiketi. Sisi yetu tunapikia.

Hata Seifu hakucheka. Nasor alipitisha kiganja juu ya jiwe alilokalia, polepole, kama anavyopima kitambaa kizuri. Sumaya naye alikitazama kizingiti cha mlango wake. Mama mkwe alimwambia siku alipoingia mwali, asikikanyage, akiruke. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Moyo ulimvimba kwa fahari, na wakati huohuo ulimuuma, kwa sababu birika lilikuwa jepesi.

— Mama Lubna, alisema Nasor akichungulia ndani ya kikombe. Heshima zote. Lakini hii kahawa naona kidole changu upande wa pili.

Sumaya alijaribu kummiminia Massoudi. Lilitoka tone, kisha mvuke.

— Imekwisha, alisema Seifu. Akasimama, akapiga viganja. Bismillahi. Wazee, inukeni.

Waliinuka. Seifu alitoa ubao, akauweka kando, na mawe mawili yakabaki peke yake, mapana, na mekundu kwa vumbi. Alikaza kamba kutoka nguzo mpaka nguzo, ikikata kona kama Massoudi alivyoamua. Aliinama akalishika jiwe la kwanza. Sumaya alisema, “Shemeji,” lakini alilisema ndani ya kanga, na hakuna aliyemsikia.

Mwanamke alipanda mteremko taratibu. Mtoto alikuwa mgongoni, sufuria kichwani, kitenge kimerowa mpaka magotini. Hakupita darajani, alivuka mtoni. Alikuwa amekonda sana. Sumaya alimjua kwa namna alivyoweka mkono mmoja kiunoni, vilevile alivyosimama foleni ya shule.

Caritas alifika kwenye kamba, akasimama. Alitazama milango ya magari, akatazama matofali, akamtazama kijana aliyeinama na jiwe. Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza kama mtu anavyouliza dukani.

— Wazee, musinikasirikie. Hapa mutu anaingiaka wapi?

Seifu alimtazama Massoudi. Massoudi alifungua mdomo, na kila mtu akangoja zije kilomita zake, lakini hazikuja. Alimtazama Nasor. Nasor alihesabu kitu kwenye vidole, akaacha.

Miaka yote ile pale kijiweni waliupa ule ukuta urefu na unene, wakaupa chokaa ya Ujiji, lori mbili juu yake na viboko nje yake, wakauvusha ziwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuupa mlango.

— Babu na chokaa yake, alinong'ona Nasor. Kutoka Ujiji. Aliingilia wapi?

Mtoto mgongoni alikohoa.

— We ni wa nani? Seifu aliuliza, jiwe bado kwenye mikono.

— Ni wa kwangu, alisema Sumaya.

Safari hii walisikia wote. Alikuwa ametoka mlangoni, ameruka kizingiti kama siku zote, amefika kwenye kamba. Sauti haikurudi ndani.

— Ni wa kwangu, shemeji. Tulikaa dawati moja. Na hilo jiwe usiliweke hapo. Lilete uani. Mgeni wangu anataka mafiga, na mtoto hajala.

— Shemeji, hii ni msingi…

— Yote mawili. La tatu nitalitafuta ndani.

Seifu alisimama na jiwe lile zito, mishipa imemtoka shingoni, akimgeukia mzee amwokoe. Massoudi alishusha fimbo. Kwa ncha yake aliibonyeza kamba mpaka ikalala vumbini.

— Umesikia shemeji yako, alisema. Jiwe la ukuta linaenda pale watu wamefika. Pita, mama. Karibu Buyenzi. Inua mguu pale kwenye kizingiti, usikanyage. Nitakueleza kwa nini.

— Usimweleze leo, Kilomita, alisema Nasor. Ana njaa.

Akakunja mikono ya kanzu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amebeba zaidi ya robota la kitambaa, akalishika jiwe la pili. Lilimshinda. Seifu alitua la kwanza uani, akarudi kumsaidia, na wakaingia nalo uani wakigombana ni la uzito gani.

Kabla ya kuvrefe maharage yalichemka juu ya mawe ya Usumbura, na Lubna aliamka akamkuta mtoto mwingine kwenye mkeka wake. Nje, milango ya magari iliegemea pale pale. Wanaume watatu walisimama kando ya ubao usio na miguu, hawajui waketi wapi.

— Mama Lubna! Seifu aliita. Kesho kahawa iko?

— Iko, alijibu Sumaya kutoka jikoni. Mje na viti.

Na tangu siku ile, mgeni akimuuliza mzee Massoudi ukuta wa zamani wa mji ulipita wapi, hanyooshi tena fimbo barabarani. Anajikohoza, anaiweka sawa kofia, na kumwelekeza kwenye nyumba ya mwisho.

— Bisha hodi, anasema. Ile ukuta inapika.