Sauti ya Vionjo: Maisha ya Baba Yetu, 1951–2023

Ndugu, majirani na marafiki, familia imenipa mimi, binti yake na kitinda mimba wake, kazi ya kusoma haya, nanyi mtanivumilia nikikwama.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Sauti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970, na walimu walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba akisoma darasani hata watoro walirudi dirishani kusikiliza.

Mwaka 1972 aliajiriwa kukata tiketi kwenye ukumbi wa sinema, na siku msomaji wa matangazo alipopatwa na mafua, meneja alimsukumia kipaza sauti, naye hakukirudisha tena. Zama hizo kionjo, yaani kile kipande cha kuwaonjesha watu filamu ijayo, kilichukua dakika nne nzima, mkanda ukikatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi, na msomaji ndiye aliyeeleza nani anampenda nani na nani ameapa kulipa kisasi, bila kumwaga mwisho. Zilipokuja kanda za video zikabaki dakika mbili, zilipokuja kompyuta milipuko ikaongezeka na maneno yakapungua, Baba akabakiwa na sentensi tatu, kisha moja.

Alifunga ndoa na mama yetu, mshona mapazia wa ukumbi huohuo, tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto wanne, na nyumbani hatukuitwa kula, tulitangaziwa, mpaka Mama alalamike kwamba chakula kinapoa.

Mimi nilimfuata kazini. Mwezi Mei 2011, nikiwa mhariri wa studio ya vionjo, mteja alitaka kionjo kisicho na msimulizi, nikaifuta sauti ya baba yangu kwa kubonyeza mara moja, wala sikumwambia. Alivaa koti lake zuri, akampeleka Mama ukumbini wakaisikilize sauti yake, wakakaa mstari wa mbele, kionjo kikaanza, kikaisha. Aliporudi alinikuta mezani, akasema, "Umekata vizuri, mwanangu, hadithi imeeleweka bila mimi," nami nikajibu, "Asante, Baba," nikaendelea kula. Studio hawakumwita tena.

Mwaka 2021 koo lilianza kumsumbua, na tarehe 3 Februari 2022 madaktari walilazimika kuliondoa zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, tangu hapo akazungumza kwa kalamu na daftari. Siku hizi natengeneza vionjo vya simu, sekunde sita tu kabla kidole hakijavipita, navyo alivitazama nami pale kitandani, akaniandikia, "Usiwakimbize, waache wauone uso wa yule mama wa kwenye filamu."

Alifariki Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha Jumapili.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliojifunza kusoma mwandiko wake mbaya, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa ukumbini mliokuja leo, wengine kwa mikongojo.

Baba, kazi ile haikuwa nzuri, nilijua nilipokuwa nikiifanya, na miaka kumi na miwili nimekaa kimya. Nisamehe, baba yangu, upumzike kwa amani.